Sakarini: onyo la miaka 23 na kibofu cha panya dume

"Kutumia bidhaa hii kunaweza kuhatarisha afya yako. Bidhaa hii ina sakarini, ambayo imebainika kusababisha saratani kwa wanyama wa maabara." Maneno hayo yaliwekwa kwa sheria juu ya vyakula na vinywaji vyenye sakarini, utamu bandia, vilivyouzwa Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2000 yakaondolewa, nako kwa sheria. Unga wenyewe haukubadilika hata chembe.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu karibu kila hoja tunayoisikia leo kuhusu aspartame na sukralosi, aina nyingine za utamu bandia, ilishatolewa kuhusu sakarini, na faili lake limefika mwisho kiasi kwamba mtu anaweza kulisoma lote. Kuna masimulizi mawili yanayopendwa. La kwanza linasema wenye viwanda waliwazidi nguvu wanasayansi. La pili linasema wanasayansi walijiaibisha kwa kuwalisha panya kipimo ambacho hakuna binadamu angekifikia. Yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili yanapita mbali na jambo lenyewe.

Utamu uliotoka kwenye lami

Mwaka 1879, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, mkemia Constantin Fahlberg alikuwa akichunguza michanganyiko itokanayo na lami ya makaa ya mawe katika maabara ya Ira Remsen. Akala chakula cha jioni bila kunawa vizuri, akashangaa mkate kuwa mtamu. Baadaye alichukua hataza peke yake, na Remsen hakumsamehe. Kitu hicho kina utamu wa mara 300 hadi 500 kuliko sukari, hakina kalori, na hutoka mwilini kwa njia ya mkojo kikiwa karibu kama kilivyoingia. Shika neno mkojo, tutalirudia.

Biashara ilianza mapema. Kampuni ya Monsanto, iliyoanzishwa St. Louis mwaka 1901, ilianza na bidhaa hiyo moja. Ulaya, serikali zilizotaka kuwalinda wakulima wa viazisukari ziliibana sakarini hadi ikawa bidhaa ya magendo, ikivushwa kutoka Uswisi kuingia Ujerumani na Austria. Yaani kabla hata ya hofu ya saratani, vita vya sakarini vilikuwa vita vya sukari na kodi, na harufu hiyo haijawahi kuisha kabisa.

Marekani kwenyewe, Harvey Wiley, mkemia mkuu wa Wizara ya Kilimo, alitaka iondolewe vyakulani. Alipomweleza Rais Theodore Roosevelt mwaka 1908 kwamba wateja wanadanganywa kwa kuuziwa utamu usio sukari, Roosevelt, ambaye daktari wake alikuwa akimpa sakarini kila siku, alimjibu kwa ukali kwamba anayesema ina madhara ni mpumbavu. Wiley mwenyewe ndiye aliyesimulia. Mwaka 1912 ilizuiwa katika vyakula vya kawaida, kisha vita vya kwanza vya dunia vikaleta uhaba wa sukari na zuio likalegea.

Sheria isiyojua kiasi

Mwaka 1958 Bunge la Marekani lilirekebisha sheria ya chakula na kuingiza kifungu kilichopewa jina la mbunge wa New York, James Delaney. Kifungu hicho kinasema kiongezwacho chakulani hakitahesabiwa kuwa salama kikionekana kusababisha saratani kwa binadamu au mnyama. Hakitaji kipimo. Hakiulizi ni mnyama gani, wala saratani ilitokeaje. Wakati kinaandikwa, wataalamu wengi waliamini hakuna kipimo kidogo cha kitu cha saratani kinachoweza kuitwa salama, kwa hiyo ukali wake ulikuwa na mantiki.

Kifungu hicho kilionyesha meno mwaka 1969. Saiklameti, utamu bandia uliogunduliwa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1937, ulikuwa ukiuzwa pamoja na sakarini kwa uwiano wa kumi kwa moja. Sweet'N Low, ile pakiti ya rangi ya waridi iliyoanzia Brooklyn, ilianza na mchanganyiko huo. Panya waliolishwa mchanganyiko kwa wingi walipata uvimbe wa kibofu, na saiklameti ikapigwa marufuku. Sakarini ikabaki peke yake sokoni. Aspartame ilipata kibali mwaka 1974, ikasimamishwa kabla ya kuuzwa, na haikurudi hadi 1981.

Kwa hiyo mwaka 1977 mgonjwa wa kisukari wa Marekani aliyetaka kahawa yenye utamu alikuwa na kitu kimoja tu cha kutumia. Usipoliona hilo, huwezi kuelewa hasira iliyofuata.

Panya wa Ottawa

Mapema miaka ya 1970 majaribio mawili ya vizazi viwili, yaani panya mama analishwa kabla ya kushika mimba na watoto wake wanaendelea kulishwa maisha yao yote, yalionyesha uvimbe wa kibofu kwa madume waliokula sakarini nyingi. Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kikauliza swali la maana: je, ni sakarini, au ni uchafu uliobaki wakati wa kuitengeneza? Uchafu ulioshukiwa ni kemikali iliyofupishwa kwa jina la OTS.

Serikali ya Kanada, mjini Ottawa, ikaandaa jaribio la kujibu swali hilo hasa. Kundi moja la panya lilipewa sakarini iliyosafishwa, asilimia 5 ya chakula chote. Makundi mengine yalipewa OTS peke yake. Majibu yalikuja mapema 1977: OTS haikuwa na hatia. Madume waliokula sakarini, hasa wale wa kizazi cha pili, walipata uvimbe wa kibofu kwa kiwango ambacho bahati haiwezi kukieleza. Kwa majike picha haikuwa hivyo.

Hapa niseme wazi, kwa kuwa jaribio hili limechekwa mno: lilikuwa jaribio zuri. Lilikuwa na swali moja, lilitenganisha vitu viwili vilivyokuwa vimechanganyika, na lilipata jibu ambalo wengine walilirudia wakalipata vilevile. Sakarini kwa kipimo kile inaleta saratani ya kibofu kwa panya dume. Hadi leo hakuna aliyelipindua hilo.

Machi hadi Novemba 1977

Tarehe 9 Machi 1977 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza nia ya kuipiga marufuku sakarini katika vyakula na vinywaji. Kanada ilichukua hatua mwaka huohuo na kuiacha kwenye maduka ya dawa kwa wanaoitumia mezani.

Calorie Control Council, umoja wa watengenezaji wa vyakula na vinywaji vya kalori chache, ulinunua kurasa nzima za magazeti kulibeza jaribio la Kanada. Hesabu iliyoshika vichwani mwa watu ni kwamba binadamu angelazimika kunywa makopo 800 ya soda ya dayati kila siku ili afikie kipimo cha wale panya. Watu wakakimbilia madukani kuhodhi. Chama cha wagonjwa wa kisukari kikapinga. Barua zikamiminika kwa wabunge.

Rahisi kusema viwanda vilinunua maamuzi. Matangazo yale yaligharimu fedha nyingi, ni kweli. Ila barua nyingi ziliandikwa na watu waliokuwa na sababu yao wenyewe: ndugu ana kisukari, au daktari amemwambia apunguze uzito, na serikali inamwondolea kitu pekee kilichobaki mezani. Kiwanda kilikuta hasira tayari ipo, kikaipazia sauti.

Tarehe 23 Novemba ikatiwa saini sheria ya Bunge ya kuahirisha marufuku kwa miezi 18 ili utafiti zaidi ufanyike, na wakati huohuo kuweka lile onyo. Maduka nayo yakatakiwa kubandika tangazo. Muda wa kuahirisha ukaongezwa tena na tena, mwaka baada ya mwaka.

Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi dhaifu kuliko yote katika kisa hiki. Kama serikali iliamini kitu hicho kinaua, haikupaswa kukiacha. Kama haikuamini, haikupaswa kumtisha mgonjwa kila anapofungua pakiti. Onyo lile lilisema ukweli kuhusu wanyama, likamwachia msomaji akisie kuhusu yeye mwenyewe.

Makopo 800

Tufanye hesabu ile kwa utulivu. Panya hula kwa siku chakula chenye uzito wa takriban moja ya ishirini ya mwili wake. Asilimia 5 ya hicho ni gramu 2.5 za sakarini kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 angehitaji gramu 150 kwa siku. Soda ya wakati ule ilikuwa na miligramu mia moja na kitu kwa kopo. Kwa hiyo makopo 800 si uongo. Ukikaza hesabu yanaweza hata kuzidi.

Lakini kicheko kilikosea mahali. Majaribio ya wanyama hutumia vipimo vikubwa kwa sababu ya idadi. Ukitaka kuona hatari inayompata mtu mmoja kati ya 10,000, na una panya 50 kwa kila kundi, kwa kipimo cha kawaida hutaona chochote hata kama hatari ipo. Katika taifa la watu zaidi ya milioni 200, mmoja kati ya 10,000 ni watu 20,000. Unapandisha kipimo ili jambo lionekane, kisha unakadiria kurudi chini.

Tatizo liko kwenye kule kukadiria kurudi chini. Kamati ya Chuo cha Taifa cha Sayansi ilipojaribu mwaka 1978 kugeuza matokeo ya panya kuwa idadi ya Wamarekani watakaougua, ilikuta kwamba kutegemea kanuni ya hesabu unayoichagua, jibu linaanzia chini ya mtu mmoja na kufika zaidi ya milioni moja katika miaka 70. Mtunga sera aliyepewa jibu la namna hiyo hana zaidi ya kile alichokuwa nacho kabla ya kuuliza. Kanuni zote zilitoshea data ileile. Kilichokosekana kilikuwa kujua sakarini inafanya nini ndani ya kibofu.

Binadamu wenyewe

Mwaka huohuo wa 1977 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Kanada kuhusu wagonjwa halisi wa saratani ya kibofu. Miongoni mwa wanaume, waliowahi kutumia utamu bandia walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 60 hivi. Wanawake hawakuonyesha kitu. Wanaopenda kusimulia kisa hiki kama mzaha wa panya huuruka utafiti huu, nao ndio uliowapa watu wa FDA sababu ya kukosa usingizi.

Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ikaandaa utafiti mkubwa zaidi, wagonjwa wapatao 3,000 wakilinganishwa na watu wengine wapatao 5,800. Matokeo ya 1980: kwa jumla, watumiaji hawakuwa na hatari zaidi ya wasiotumia. Kulikuwa na vikundi vidogo ndani yake vilivyoonyesha ongezeko, kama vile wanaume wavutao sigara nyingi, lakini ukikata data katika vipande vingi, baadhi ya vipande vitapinda tu. Tafiti zilizofuata hazikuujenga ule wa kwanza. Sigara, kwa upande wake, ni kisababishi kikubwa cha saratani ya kibofu, na mtu mnene aliyeacha sukari anaweza pia kuwa mvutaji au aliyekuwa mvutaji. Kutenganisha hayo mawili kunahitaji maelfu ya watu.

Mkojo wa panya dume

Jibu lilitoka mahali ambapo gazeti halingetuma mwandishi. Samuel Cohen wa Chuo Kikuu cha Nebraska na wenzake walitumia miaka mingi kuchunguza mkojo wa panya.

Dalili ya kwanza ilikuwa kwenye chumvi. Sakarini iliyotumika kwenye majaribio ilikuwa sakarini ya sodiamu. Ilipojaribiwa ile ya asidi, isiyo na sodiamu, kibofu kilikaa kimya ingawa sakarini iliyopita kwenye mkojo ilikuwa nyingi. Kisha ikaonekana kwamba chumvi nyingine za sodiamu zikipewa panya kwa wingi, hata askobati, yaani vitamini C yenyewe katika umbo la sodiamu, zinachochea kibofu cha panya kwa namna inayofanana. Hapo mtuhumiwa akaanza kuonekana wa kawaida sana.

Mkojo wa panya dume ni mzito na una protini nyingi mno ukilinganisha na wa binadamu. Ukiongeza sodiamu nyingi, asidi yake inapungua, na kalisi na fosfeti zilizomo zinagandana na kuwa chembechembe. Chembe hizo zinakwaruza ukuta wa kibofu, seli zinakufa, seli mpya zinazaliana kwa kasi kuziba pengo, na kwa mnyama aliyeanza hayo tangu kuzaliwa na kuendelea miaka miwili, kuzaliana huko hatimaye kunazaa uvimbe. Sakarini haigusi vinasaba vya seli moja kwa moja. Inafanya kazi kama mchanga kwenye kiatu.

Maelezo haya yanabeba kitu ambacho kifungu cha Delaney hakikuwa na nafasi nacho: kizingiti. Chembe zisipoganda, hakuna mkwaruzo, na bila mkwaruzo hakuna uvimbe. Jaribio kubwa la miaka ya 1980, lililotumia panya dume wapatao 2,500 kwa vipimo mbalimbali, lilikuwa limeonyesha tayari kwamba kwa asilimia 1 ya chakula uvimbe haukuongezeka. Panya jike hawakuathirika kwa kiwango kile, nyani waliolishwa kwa miaka mingi hawakupata uvimbe, na mkojo wa binadamu hauna mazingira yale.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililokuwa limeiweka sakarini katika kundi la 2B, yaani vitu vinavyowezekana kusababisha saratani kwa binadamu, liliishusha hadi kundi la 3 mwaka 1999. Mwaka 2000 serikali ya Marekani iliitoa kwenye orodha yake ya visababishi, na Desemba hiyo Rais Bill Clinton akatia saini sheria iliyofuta onyo. Shirika la mazingira la Marekani liliifuta kwenye orodha ya vitu hatari mwaka 2010. Kanada, ilikoanzia hadithi, iliiruhusu tena chakulani mwaka 2014.

Kilichosafishwa, na kisichosafishwa

Kesi iliyofungwa ni ya saratani ya kibofu. Viwanda hupenda kuitaja kana kwamba ilifunga maswali yote, na ninaona huo ni ujanja.

Swali la uzito halikuwahi kuulizwa vizuri mwaka 1977. Watu waliamini tu kwamba kalori zikitoka, kilo zitafuata. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoshauri watu wasitegemee utamu usio sukari kama njia ya kudhibiti uzito, sakarini ikiwemo. Shirika lenyewe liliuita ushauri wa masharti, kwa kuwa watu wanaotumia sana mara nyingi ni wale ambao tayari wana uzito mkubwa, na ni vigumu kujua kipi kimetangulia. Na halikuwahusisha wenye kisukari tayari. Ujumbe uliosambaa kwenye makundi ya WhatsApp uliisoma taarifa hiyo kama marufuku. Miezi miwili baadaye IARC ilipoiweka aspartame kundi la 2B, zikaunganishwa kuwa habari moja.

Kisha kuna utumbo. Mwaka 2014 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walionyesha kwamba sakarini inabadilisha bakteria wa tumboni kwa panya na kuharibu namna mwili unavyoshughulikia sukari. Kati ya watu saba waliojitolea, wanne walionyesha dalili hiyo. Mwaka 2022 walirudia kwa watu 120 na kupata athari kwa sakarini na sukralosi, ingawa ilitofautiana sana kutoka mtu hadi mtu. Katikati, mwaka 2021, kundi jingine la Marekani liliwapa watu sakarini kwa wiki mbili na halikuona kitu. Kwangu swali hili liko wazi, na linanihusu kuliko kibofu, kwa sababu vipimo vilivyotumika ni vile ambavyo mtu anaweza kuvifikia mezani.

Novemba 2024 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia upya faili na kupandisha kiasi kinachokubalika kwa siku kutoka miligramu 5 hadi 9 kwa kila kilo ya mwili, ikieleza kwamba uvimbe wa panya dume hauwahusu binadamu. Panya wa Ottawa walikula karibu mara 280 ya hicho. Kwa mtu wa kilo 60 kiasi hicho cha siku ni miligramu 540. Kwa mtoto wa kilo 15 ni 135, na mtoto ndiye mwenye barafu, juisi ya unga na pipi mkononi siku hiyohiyo, ilhali pakiti nyingi zinaandika E954, namba ya sakarini, bila kusema ni miligramu ngapi.